Kuanzia M Mpaka S

Tura,
Jumapili, 1 Septemba 2024

Mwanangu Asmahani,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima. Sisi maana yake mimi na kuku. Kikohozi chako kimeisha? Usinijibu "kimeisha" kwa kunituliza, nijibu ukweli. Ule mtandio mzito uvae asubuhi hata wenzako wakicheka. Kicheko hakiingii kifuani, baridi inaingia.

Barua hii nampa dada Gaudensia, anapanda treni kwenda kuuza asali Tabora. Ataiacha kwa mjomba wako Uwesu pale Kanyenye, naye atakuletea shuleni Jumamosi pamoja na kopo la karanga. Kwa vile shule yenu haitaki kuona simu kwa mwanafunzi hata ya kuokota, basi tuandikiane hivi hivi kama watu wa zamani. Mkono unaniuma kuandika kuliko kupura karanga, lakini nitaandika. Darasa la nne langu ndilo hili unaloliona.

Leo nimekaanga peke yangu. Nimezoea wewe ukae pale kwenye kigoda, mimi mkono mmoja nakoroga chungu, mkono wa pili nimeshika kile kitabu chako cha Kiingereza, nayasoma maneno jinsi yalivyoandikwa, wewe unasema maana. Mimi maana sijui hata ya moja, ila nayajua kwa sura kama ninavyowajua abiria wa treni ninaowauzia karanga. Leo nimejikuta nalisema moja peke yangu mbele ya moto: "Obstinate." Mama Nurdini akapita akaniuliza, "Dua gani hiyo unasoma, Mwamvita?" Nikamwambia dua ya karanga zisiungue.

Hivi hilo maana yake ilikuwa nini? Nimesahau.

Kula ushibe. Usiazime sabuni, ukiishiwa mwambie mjomba.

Mama yako,
Mwamvita


Tabora,
Alhamisi, 12 Septemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha kweli. Mama, kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Wiki iliyopita tulifanya mtihani wa Kiingereza. Insha ilikuwa juu ya mtu unayemheshimu. Nikamwandika babu yetu Sabiri, yule mpagazi wa zamani uliyekuwa ukinisimulia. Maneno yalinijia yenyewe, nikaandika mpaka karatasi ikajaa.

Jumatatu Mwalimu Hilari akarudisha karatasi za wote isipokuwa yangu. Akasimama nayo mbele ya darasa akawa anayasoma maneno yangu moja moja huku anacheka. Kayapigia mstari mwekundu maneno kumi na tisa. Akasema, "Haya mengine hata mimi nimefungua kamusi. Binti wa muuza karanga wa Tura kayatoa wapi? Kayatoa kwenye simu!" Darasa zima likaguna. Yasmini tu, anayelala kitanda cha juu yangu, ndiye aliyesema, "Mwalimu, huyu hana simu." Akaambiwa asimame mpaka kipindi kiishe.

Wamepekua tranka langu, wamepekua godoro, kopo la karanga wamelimwaga lote kitandani. Hawakukuta simu. Mwalimu anasema nimeitumbukiza chooni.

Ijumaa tarehe 4 Oktoba naitwa kwenye kamati ya nidhamu. Wamenipa fomu. Nikisaini kwamba nilikuwa na simu, nasimamishwa wiki mbili, insha inapewa sifuri, yanaisha. Nisiposaini, na kamati ikaona nina kosa, nafukuzwa shule.

Nimewaambia nimejifunza kwenye kitabu chetu nyumbani. Mwalimu akasema, "Kamusi kubwa ya Kiingereza, huko Tura? Iletwe tuione." Basi, Mama, ilete. Mpe mama mdogo Gaudensia. Nimekuandikia yale maneno yote nyuma ya karatasi hii. Hakuna hata moja ambalo hukunisomea wewe kwa kinywa chako.

Obstinate ni mtu mkaidi, Mama. Akishika lake hamwachii mtu.

Mwanao,
Asmahani


Tura,
Jumatatu, 16 Septemba 2024

Mwanangu,

Uliniambia nikae, mimi nikasoma nimesimama, ndiyo nikajua kwa nini uliniambia nikae.

Saini. Nakuomba, mama yangu, saini. Wiki mbili ni nini? Utakuja huku, utanisaidia kupura, utanenepa kidogo, utarudi. Kufukuzwa hakuna kurudi. Wale ni walimu, wana mihuri na makaratasi, sisi tuna nini? Wazee walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Ubusu, mwanangu, ukalale.

Kuhusu kitabu, achana nacho. Kile si kitabu cha kuwekwa mbele za watu. Mchwa wamezidi kukila, hakifai tena. Wakikiona kitakuongezea matatizo. Waambie kimepotea.

Sijalala vizuri. Kopo walilolimwaga, karanga uliziokota zote? Usile zilizogusa sakafu.

Mama yako,
Mwamvita


Tabora,
Jumamosi, 21 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Sitasaini.

Niliposoma barua yako nilidhani mtu mwingine kaandika. Nisaini kwamba nimefanya jambo ambalo sikulifanya? Halafu nikirudi baada ya wiki mbili nitakaa darasa lile lile na jina la mwizi? Kila nitakachoandika maisha yangu yote hapa watasema kimetoka kwenye simu. Bora nirudi Tura nikauze karanga na wewe, lakini nirudi na jina langu.

Jambo la pili. Nilimwambia Mjomba Uwesu habari ya mchwa, akashangaa. Anasema alipokuja kwako mwezi wa nane alikiona kitabu juu ya kabati, umekifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Mchwa gani hao, Mama, wanaofungua fundo la kanga?

Kuna kitu hutaki kuniambia. Nimewaza mchana kutwa ni nini, nikafika mahali pabaya. Mama, na wewe unaamini nilikuwa na simu? Ndiyo maana hutaki kuleta ushahidi?

Kama ni hivyo, niandikie hivyo. Nitavumilia. Lakini usiniandikie mchwa.

Asmahani


Tura,
Alhamisi, 26 Septemba 2024

Mwanangu Asmahani,

Sijaamini hivyo hata kwa muda wa kufumba jicho. Lifute neno hilo moyoni mwako kabla hujasoma linalofuata, maana linalofuata ni zito na nalitaka likukute huna kinyongo kingine.

Hakuna mchwa. Hakukuwa na mchwa tangu mwanzo. Mchwa ni mimi.

Ulikuwa na miaka minane. Nilinunua gunia la karatasi chakavu pale sokoni Tabora, za kufungia karanga. Ndani mlikuwa na madaftari ya wanafunzi, magazeti, na kitabu kile kinene. Karatasi yake ilikuwa laini, inasokoteka vizuri, chumvi haiitoboi. Nikaanza kukichana mwanzo, kama mtu yeyote anavyoanzia mwanzo. Treni ikisimama, kurasa kumi. Treni ya kurudi, kurasa kumi na tano. A imekwenda Kigoma. B na C zimekwenda Dar es Salaam. Nyingine nadhani zilitupwa dirishani kabla ya kufika Malongwe. Sikujua ni nini. Kwangu ilikuwa karatasi.

Ndipo siku ile ukaja stesheni na sare yako. Nikakupa karanga. Wewe ukazimwaga kiganjani kwangu ukabaki na karatasi. Ukasoma, ukasoma, ukaniuliza, "Mama, nyingine iko wapi? Hii imeishia katikati." Nilikuwa nimefika mwisho wa L. Nikautazama uso wako, nikashindwa. Nikasema mchwa wamekula. Siku hiyo nikaacha kuchana.

Na hapo ningeishia ningekuwa mama wa maana. Lakini ukaja ule mwaka mvua ziligoma. Karatasi hakuna, unga wa shida. Nikasema moyoni, huyu mtoto yuko kwenye M, mpaka afike mwisho wa kitabu atakuwa na wajukuu. Nikachana nyuma. T mpaka mwisho kabisa. Nikasema tena mchwa. Ukaniamini tena. Ukaenda ukamwagia majivu pembeni ya kabati ili wasirudi. Mimi nakuangalia unamwaga majivu.

Ndiyo sababu sikutaka kitabu kifike mezani. Nilichana kwa kukandamiza kisu, kurasa zimekatika zimenyooka. Mchwa hali kwa mstari. Ningeaibika mbele yako kwanza kabla ya hao walimu.

Sasa sikiliza. Jana niliitandaza orodha yako juu ya mkeka, na kitabu pembeni, nikatafuta neno moja moja kwa kidole. Yote kumi na tisa yamo. Nikayatazama tena. Asmahani, umeona? Meticulous. Obstinate. Palpable. Reluctant. Scrupulous. Yote yanaanza na herufi nilizobakiza. Hakuna hata moja la A. Hakuna la D. Hakuna la W. Simu haijachanwa, mwanangu. Simu ina maneno yote. Ungeyatoa kwenye simu, nani angekuzuia usichukue hata moja la A?

Nilikaa pale kwenye mkeka nikacheka peke yangu mpaka Mama Nurdini akaja kuchungulia.

Nilikuambia usaini. Narudisha neno langu. Fomu yao warudishie nyeupe. Kitabu kinakuja, na barua kwa mkuu wako inakuja. Ule mkono usioweza kuukata nimeutazama tena, nimeona si lazima niubusu.

Unikasirikie ukitaka. Lakini unikasirikie baada ya tarehe 4, kwanza tushinde.

Mama yako,
Mwamvita


Tura,
Ijumaa, 27 Septemba 2024

Kwa Mkuu wa Shule, Madam Advera.

Yah: Mwanangu hana simu

Assalamu alaykum, na kama wewe ni Mkristo, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Mwamvita, mama yake Asmahani wa kidato cha tatu. Ndiye yule muuza karanga wa Tura aliyetajwa darasani na Mwalimu Hilari. Nimetajwa kwa cheo changu sahihi, hapo sina malalamiko.

Malalamiko yangu yako kwenye swali lake. Aliuliza mwanangu kayatoa wapi maneno. Ni swali zuri, ila aliliuliza akiwa ameshajijibu. Mimi naleta jibu lenyewe. Ni kitabu hiki kilichofungwa kwenye kanga. Kanga naomba irudi.

Mtaona kinaanzia M na kinaishia S. Kwingine nimechana mimi kwa mikono yangu, nikafungia karanga, nikauza kwenye treni. Aibu hii nimeiandika mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Naomba mzilinganishe herufi za kitabu na herufi za yale maneno kumi na tisa ya mstari mwekundu. Halafu mwulizeni mwanangu maneno magumu ya A. Hatayajua, zaidi ya hayo mliyomfundisha ninyi. Kisha mwulizeni ya P. Hapo vuteni viti mkae.

Madam, babu wa babu yangu, Sabiri, alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, akarudi na marobota ya nguo, akipita Mgunda Mkali, siku nyingi porini maji hakuna, mpaka afike hapa Tura ndipo wapumzike. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba. Hakuna aliyemsimamisha njiani akamwambia, wewe mwembamba mzigo huu mkubwa umeuiba. Walimwambia tua, tuupime. Basi na mwanangu mwambieni atue, muupime. Ukipungua, mfukuzeni, nitakuja kumchukua mwenyewe.

Na usipopungua, sitaki zawadi. Mwalimu Hilari alimsema mbele ya darasa. Nataka asimame mbele ya darasa lile lile, kwa sauti ile ile.

Samahani kwa mwandiko. Ni darasa la nne, lakini nililimaliza.

Mwamvita,
Stesheni, Tura


Tabora,
Jumanne, 8 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye kanga.

Walikuwa watano mezani. Kitabu kiliwekwa katikati, bado kimefungwa. Madam Advera akakigeuza, akasoma maandishi ya kanga yako kwa sauti: "Mtasema mchana, usiku mtalala." Mama! Katika kanga zote! Matroni akaziba mdomo. Nikasema, "Samahani Madam, nadhani ndiyo iliyokuwa safi."

Mwalimu Hilari akakifungua. Akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Kinaanzia M."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mwanzo wake uko wapi?"

"Umepanda treni, mwalimu."

Hapo matroni alicheka kabisa. Madam hakucheka. Alichukua karatasi yangu akawa anaweka kalamu juu ya kila neno lenye mstari mwekundu, anataja herufi yake ya kwanza polepole, mpaka la kumi na tisa. Kisha akaniambia, "Nitajie neno gumu la A."

Nikafikiri. Nikafikiri sana, Mama. Nikasema, "Animal."

Wote wakacheka, hata mimi. La D nikasema "doctor." Akasema, "Haya, la P." Nikaanza. Neno na maana yake, neno na maana yake, kama niko kwenye kigoda na wewe unakoroga. Nilisikia mpaka harufu ya chungu. Sikunyamaza mpaka Madam alipogonga meza kwa kalamu. Mwalimu Hilari akanirekebisha matamshi ya maneno matatu, yale uliyonisomea kwa Kiswahili. Nilimshukuru, hayo kweli nilikuwa sijui.

Madam akaichana ile fomu. Akamtazama Mwalimu. Naye akasema kwa sauti ya chini, "Sawa, nilikosea." Madam akaniuliza, "Inatosha, Asmahani?" Nilitaka kutoka tu. Mdomo ulishafunguka kusema inatosha. Nikakiona kitabu chako pale, na ile mistari ya kisu. Nikasema, "Mama yangu ameandika: mbele ya darasa."

Jana alisimama. Alisema kwa Kiingereza, haraka haraka, huku anafuta ubao. Yasmini akanyoosha kidole: "Mwalimu, tunaomba kwa Kiswahili, na utugeukie." Nilidhani atafukuzwa yeye sasa. Mwalimu akaweka dasta chini. Akageuka. Akasema, "Asmahani alijifunza maneno yale mwenyewe. Nilimdharau yeye na mama yake. Nilikosea." Akanipa karatasi yangu. Themanini na moja. Kanikata alama kwa maneno ya kizamani, anasema kitabu chetu ni kikongwe.

Sasa la mchwa. Nilikasirika. Siku mbili sikutaka hata kuishika barua yako. Nilikumbuka yale majivu nikalia kwa hasira. Siku ya tatu nikakumbuka mwaka ule wa mvua, kwamba tulikula jioni zote, hata siku moja hatukulala njaa, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini. T mpaka mwisho, Mama, nilizila mimi.

Kamusi nzima ipo maktaba hapa. Madam ameniruhusu kila Jumamosi. Nimeanza na A. Nimekunakilia ukurasa wa kwanza kwa mkono wangu, umo humu ndani. Usiufungie karanga.

Kanga anayo Mjomba Uwesu. Madam aliikunja mwenyewe.

Mwanao,
Asmahani


Tura,
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Mwanangu Asmahani,

Barua yako nimeisoma nimekaa. Nimeisoma mara nne. Mama Nurdini nimemsomea mara mbili, ya pili hakuiomba. Themanini na moja! Mwambie Mwalimu Hilari namsalimu, na akipita Tura karanga zake ziko tayari. Mtu aliyegeuka akatazama watu si mtu mbaya. Na Yasmini nimemtumia kopo lake peke yake, usimnyang'anye.

Ukurasa wako wa A ninao. Mwandiko wako umekuwa mzuri kuliko wa kitabu. Siwezi kukuficha kitu tena, kwa hiyo nakuambia lililotokea juzi.

Treni ilisimama, watu wengi, karatasi zikaniishia. Ukurasa wako ulikuwa juu kabisa ndani ya beseni, maana natembea nao. Kuna baba mmoja dirishani, kanyoosha mkono, anataka karanga. Nikamwambia karatasi zimekwisha, kinga kiganja. Akasema, "Si hiyo hapo, mama? Nifungie hiyo."

Nikamwambia hiyo haifungi kitu.

"Karatasi tu hiyo!"

Nikamwambia aseme tena, nimwage zote chini. Treni ikapiga honi. Akakinga viganja viwili, nusu zikadondoka relini, kuku wa stesheni wakafaidi. Treni inaondoka, kichwa chake nje, ananipigia kelele mbele ya watu wote, "Mama, wewe mkaidi!"

Nikakimbia pembeni ya behewa mpaka nikamfikia, nikamwambia neno lake hilo kwa Kiingereza linaitwaje.

Mama yako,
Mwamvita